Je, Wajua? Nguvu ya "Kila" na "Yupo"

Je, wajua kwamba unaweza kupangua maneno ya kweli tupu, ukayapanga upya, ukapata uongo mtupu? "Kila mtu yupo mama aliyemzaa." Hilo halina ubishi. Sasa sikiliza hili: "Yupo mama aliyemzaa kila mtu." Maneno ni yale yale, ila "kila" na "yupo" vimepishana nafasi. Taaluma inayochunguza kupishana huko inaitwa mantiki ya viarifu. Safu ya leo inaifuata kutoka madarasa ya hisabati hadi mahakamani, hospitalini, kwenye reli ya chini ya ardhi ya Paris na kwenye vijiji vya Azande.

Kwanza tuelewane. Darasani tulifundishwa kwamba sentensi ina kiima na kiarifu: "Asha anasoma." Wanamantiki hukitazama kiarifu kama fomu yenye nafasi za kujazwa. "… anasoma" ina nafasi moja. "… amemkopesha …" ina mbili. "… iko kati ya … na …" ina tatu. Ukijaza majina, unapata kauli ya kweli au ya uongo. Usipojaza majina, unaweza kutanguliza "kwa kila kitu" au "kipo kitu ambacho". Ongeza hapo "si", "na", "au" na "ikiwa… basi", na zana zote umeshazitia mkononi.

Je, wajua kwamba Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, aliipa dunia mantiki iliyotawala zaidi ya miaka 2,000, lakini mantiki hiyo ilishindwa na kichwa cha farasi? Farasi ni mnyama. Kwa hiyo kichwa cha farasi ni kichwa cha mnyama. Hata mtoto anaona kwamba hoja hiyo ni sahihi. Mfano huo unahusishwa na Augustus De Morgan, mwanahisabati aliyefundisha London na ambaye alizaliwa Madurai, India, mwaka 1806. Kasoro ilikuwa kwamba mifumo ya Aristotle ilijengwa kwa viarifu vya nafasi moja: "ni farasi", "ni mnyama". "Kichwa cha" kinataka nafasi mbili, mwenye kichwa na kichwa chenyewe. Ukoo, deni, jirani, ukubwa, utangulizi, vyote ni mambo ya nafasi mbili au zaidi, na vyote vilibaki nje.

Na je, wajua kwamba Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara, aliona kwamba neno "kila" huficha suala la wakati? Mfano uliozoeleka katika vitabu vya mantiki vya Kiarabu ni huu: kila anayeandika husogeza vidole. Je, husogeza vidole maisha yake yote, au maadamu anaandika? Ibn Sina alizitenganisha maana hizo mbili kwa makini. Mwenye kusoma sheria za mikataba leo atamshukuru.

Je, wajua kwamba mwaka 1879 mwalimu wa hisabati wa Jena, Ujerumani, aitwaye Gottlob Frege, alichapisha kijitabu kisichofika kurasa 100 ambacho ndani yake mantiki ya viarifu inaonekana kamili kwa mara ya kwanza? Kinaitwa Begriffsschrift. Frege hakuandika kwa mstari mmoja kama sisi. Kauli zake zilichorwa kwa mistari inayoshuka na kutoa matawi ukurasani. Wapiga chapa walipata taabu, wasomaji walipata taabu zaidi, na waliokipitia wengi hawakuona kilichokuwa mbele yao.

Miaka minne baadaye, upande wa pili wa Atlantiki, wazo hilo hilo lilizaliwa upya. Charles Peirce na mwanafunzi wake O. H. Mitchell, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walitoa mwaka 1883 mkusanyo wa makala uliokuwa na alama za "kila" na "baadhi" bila kumtegemea Frege. Katika kitabu hicho imo pia makala ya Christine Ladd. Alikuwa amekamilisha masharti yote ya udaktari mwaka 1882, lakini chuo hakikuwapa wanawake shahada hiyo. Alipewa mwaka 1926. Miaka 44!

Je, wajua zilikotoka alama zenyewe? Alama ∃, yenye maana ya "kipo", ni E iliyogeuzwa, na aliitumia Mwitalia Giuseppe Peano mwaka 1897. Alama ∀, yenye maana ya "kwa kila", ni A iliyopinduliwa, na ililetwa na Mjerumani Gerhard Gentzen mwaka 1935. Kwa hiyo jozi hii tunayoiona kila siku kwenye vitabu haikuzaliwa pamoja. Zimepishana karibu miaka 40.

Je, wajua kwamba tarehe 16 Juni 1902 Frege aliandikiwa barua iliyobomoa kazi ya maisha yake? Mwandishi alikuwa Bertrand Russell, kijana wa miaka 30. Frege alikuwa amejenga hesabu zote juu ya mantiki, akachukulia kwamba kila kiarifu kina kundi la vitu vyake: kiarifu "ni farasi" kina kundi la farasi wote. Russell akauliza: vipi kuhusu kiarifu "ni kundi lisilojumuisha lenyewe"? Kundi la makundi yote ya namna hiyo, je, linajijumuisha? Likijijumuisha, halistahili kuwamo. Lisipojijumuisha, linastahili kuwamo. Hakuna pa kutokea. Juzuu ya pili ya kitabu kikubwa cha Frege ilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Frege alimjibu Russell ndani ya siku chache, akakiri tatizo, na juzuu ilipotoka mwaka 1903 ilikuwa na nyongeza inayowaeleza wasomaji waziwazi kwamba msingi umepasuka. Russell alipokuwa mzee aliandika kwamba hakujua mfano mwingine wa uaminifu kwa ukweli unaofanana na huo. Nami sijausoma mwingine unaonigusa hivyo katika historia ya hisabati.

Kilichoanguka, tuseme wazi, ni dhana ya makundi. Mantiki ya "kila" na "yupo" ilisalimika.

Russell mwenyewe na Alfred North Whitehead walijenga upya. Kitabu chao, Principia Mathematica, kilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1910 na 1913, na msomaji hupita zaidi ya kurasa 300 kabla ya kukutana na kauli inayoandaa njia ya kuthibitisha kwamba 1 + 1 = 2.

Je, wajua kwamba kosa mashuhuri la hisabati linaweza kuelezwa kwa kupishana kwa "kila" na "ipo" tu? Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika kwamba ukijumlisha grafu zisizokatika, na jumla ikatulia penye kila nukta, basi grafu ya jumla nayo haitakatika. Mwaka 1826 kijana wa Norway, Niels Henrik Abel, alionyesha kwamba kuna mifano inayokataa. Wanahistoria bado wanabishana Cauchy alimaanisha nini hasa, lakini tatizo lenyewe unaweza kuliona kwa kikokotoo cha simu.

Chukua namba kati ya 0 na 1, uizidishe kwa yenyewe tena na tena. Ukianza na 0.9, ikifika kipeo cha 44 inakuwa chini ya 0.01. Ukianza na 0.99, unahitaji kipeo cha 459. Ukianza na 0.999, kipeo cha 4,603. Kila namba iliyo chini ya 1 itafika chini ya 0.01 ukiwa na subira, lakini 1 yenyewe haishuki kamwe. Grafu ya kila kipeo ni mstari mmoja usiokatika; grafu ya mwisho inakatika penye 1. Kwa nini? Kwa sababu kwa kila namba ipo hatua yake ya kutulia, ila haipo hatua moja inayotosha kwa kila namba. Ni mama wa kila mtu yule yule wa mwanzo! Ilichukua miongo kadhaa, na kazi ya watu kama Stokes, Seidel na Weierstrass, tofauti hiyo kupata jina na kanuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni huisoma leo kwa wiki moja, na wengi huteseka nayo kwa sababu hawajaonyeshwa kwamba ni suala la mpangilio wa maneno mawili wanayoyatumia tangu utotoni.

Je, wajua kwamba kompyuta ilizaliwa, kinadharia, kutokana na swali kuhusu mantiki ya viarifu? Mwaka 1928 David Hilbert na Wilhelm Ackermann waliuliza kama ipo njia ya kimashine inayoweza, kwa kila kauli ya mantiki hii, kutuambia kama ni halali au la. Mwaka uliofuata Kurt Gödel, katika tasnifu yake ya udaktari huko Vienna, alithibitisha kwamba kila kauli iliyo halali ina uthibitisho wake. Habari njema. Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, wakathibitisha kwamba njia aliyoitaka Hilbert haipo. Kauli iliyo halali utaipata ukiitafuta kwa mpangilio. Isiyo halali inaweza kukuacha ukitafuta milele. Ili kusema "haipo mashine", Turing alilazimika kwanza kueleza mashine ni nini, na maelezo hayo ndiyo kielelezo cha kompyuta tunachofundishwa hadi leo.

Je, wajua kwamba mantiki hii ilimtetea Leibniz miaka 244 baada ya kufa kwake? Leibniz, aliyefariki mwaka 1716, alikokotoa kwa kutumia namba ndogo kuliko sehemu yoyote ya kawaida lakini si sifuri. Wanahisabati wa karne ya 19 walizifukuza kwa kukosa msingi. Mwaka 1960 Abraham Robinson alizirudisha kwa hoja ya mantiki ya viarifu: kama orodha ya masharti haina mwisho, lakini kila fungu lenye masharti ya kuhesabika hadi mwisho linatimizika, basi orodha nzima inatimizika mahali fulani. Andika masharti: namba ni kubwa kuliko 0, ndogo kuliko 1/2, ndogo kuliko 1/3, ndogo kuliko 1/4, na kuendelea. Fungu lolote utakalochota hapo lina namba inayolifaa. Basi upo ulimwengu wa namba ambamo namba moja inayafaa yote.

Na je, wajua kwamba mwaka 1996 kompyuta ya maabara ya Argonne, Marekani, ikiendeshwa na programu ya William McCune, ilithibitisha dhana ya Robbins, fumbo la aljebra lililokuwa limewashinda wanahisabati tangu miaka ya 1930?

Tuje kwenye lugha, maana hapa Kiswahili kina la kusema.

Je, wajua kwamba Richard Montague, mwanamantiki wa California na mwanafunzi wa Alfred Tarski, alidai mwaka 1970 kwamba hakuna tofauti ya msingi ya kinadharia kati ya lugha za binadamu na lugha za alama za wanamantiki? Aliuawa mwaka uliofuata akiwa na miaka 40, lakini wanaisimu, Barbara Partee akiwa mstari wa mbele, waliichukua kazi yake wakajenga taaluma nzima ya semantiki.

Ijaribu kwa Kiswahili. "Kila mwalimu alisahihisha insha moja." Je, ni insha ile ile iliyozunguka kwa walimu wote, au kila mmoja alikuwa na yake? Sentensi inaruhusu zote mbili. Sasa chukua iliyo nzito zaidi: "Dawa hii haifai kwa watoto wote." Mzazi mmoja ataelewa kwamba hakuna mtoto anayepaswa kuinywa. Mwingine ataelewa kwamba wapo watoto inaowafaa na wapo isiowafaa. Mgogoro uko kwenye "si" na "kila": ni "kwa kila mtoto, haifai", au ni "si kweli kwamba kwa kila mtoto inafaa"? Kiswahili kina njia safi za kusema yote mawili: "Dawa hii haifai kwa mtoto yeyote" na "Si watoto wote wanaofaa kupewa dawa hii." Mtu anayeandika maelezo ya dawa, tangazo la mtihani au kifungu cha mkataba anao wajibu wa kuchagua moja. Nasema wajibu kwa sababu mtu anaweza kuumia kwa sentensi yenye njia mbili.

Je, wajua kwamba punda mmoja amewatoa jasho wanaisimu tangu mwaka 1962? Mwanafalsafa Peter Geach alitumia mfano ambao kwa Kiswahili ni huu: "Kila mkulima mwenye punda humpiga." Wanafalsafa wa Ulaya ya zama za kati, kama Walter Burley, walikuwa na mifano ya jamii hiyo. Ugumu uko wapi? "Mwenye punda" kunaonekana kumaanisha "yupo punda anayemilikiwa na mkulima". Lakini ukiandika hivyo kwa alama, "yupo" anabaki amefungiwa ndani ya maelezo ya mkulima, na ile "m" ya "humpiga" inakosa wa kumrejelea. Ili maana itoke sawa, unalazimika kuandika: kwa kila mkulima na kwa kila punda, ikiwa mkulima anammiliki punda huyo, basi humpiga. "Yupo" amegeuka "kila" mbele ya macho yetu! Hans Kamp mwaka 1981 na Irene Heim mwaka 1982 walilazimika kubuni nadharia mpya za maana kwa ajili ya sentensi za namna hii. Kiswahili kinachomeka kiambishi cha mtendwa katikati ya kitenzi, silabi moja tu, nacho ni uwanja mzuri sana kwa mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada.

Neno "wengi wa" nalo limethibitishwa kuwa haliwezi kujengwa kwa "kila" na "yupo" pekee, hata ukiyaunganisha kwa ustadi gani.

Je, wajua kwamba wasomi wengi hushindwa fumbo la kadi nne? Peter Wason, mwanasaikolojia wa London, alilitunga miaka ya 1960. Mezani kuna kadi zinazoonyesha A, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kila kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzifunue ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi husema A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7, kwa kuwa 7 yenye irabu nyuma yake ingevunja kanuni, na 4 haiwezi kuivunja hata iweje. Katika majaribio ya awali waliopatia hawakufika mmoja kati ya kumi. Lakini mwaka 1982 Griggs na Cox walibadilisha kadi kuwa watu na kanuni kuwa "anayekunywa bia lazima awe ametimiza umri", na wengi wakapatia. Mantiki ni ile ile. Kilichobadilika ni mazingira.

Kumbuka hilo unaposoma habari za watafiti waliokwenda Liberia miaka ya 1960 kupima mantiki ya wakulima wa Kpelle. Mkulima aliambiwa kwamba watu wawili fulani daima hunywa pamoja, kisha kwamba mmoja wao sasa anakunywa. Je, mwenzake naye? Jibu lililokuja ni kwamba mwenzake hakuwapo, alikuwa shamba siku hiyo. Msomaji wa juujuu anaona mtu asiyejua kuhitimisha. Lakini mkulima huyo alihitimisha vizuri kabisa, ila kutokana na taarifa zake mwenyewe badala ya zile za mtafiti. Sylvia Scribner, aliyechambua majibu ya aina hii, alionyesha kwamba watu wasiokwenda shule wakikubali kushikamana na maelezo ya fumbo peke yake, hupatia. Shule hufundisha mchezo wa kujibu kwa masharti ya muulizaji. Mchezo huo una faida kubwa, lakini kuuita "akili" ni kuwakosea watu haki.

Na je, wajua kwamba Azande wa Sudan Kusini, Congo na Jamhuri ya Afrika ya Kati wamezua mjadala wa mantiki usiokwisha? Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard aliripoti kwamba, kwa imani yao, uchawi ni kitu kilichomo mwilini, na mtoto wa kiume hukirithi kwa baba. Basi mwanamume mmoja akithibitika kuwa mchawi, wanaume wote wa ukoo wake ni wachawi. Azande hawakuikubali hatua hiyo ya mwisho. Wanafalsafa wa Ulaya wakagawanyika: wengine wakasema Azande wana mantiki yao tofauti, wengine wakasema hawajali mkanganyiko. Mimi naona jibu limo ndani ya kitabu chenyewe. Evans-Pritchard anaeleza kwamba, kwa Azande, mtu anaweza kuwa na kitu hicho kikabaki "baridi" maisha yake yote. Yaani kuna viarifu viwili: "… ana kitu cha uchawi" na "… anaroga". Cha kwanza kinarithiwa na kila mwanamume wa ukoo. Cha pili hakirithiwi. Ukitenganisha viarifu, mkanganyiko unatoweka, na hakuna haja ya kuwapa Azande mantiki ya pekee.

Je, wajua kwamba sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 iliandikwa upya kama programu ya kompyuta? Kazi hiyo ilifanywa Imperial College, London, na kundi lililowajumuisha Marek Sergot na Robert Kowalski, ikachapishwa mwaka 1986. Lugha waliyotumia, Prolog, ilizaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na wenzake, na imejengwa kwa kipande cha mantiki ya viarifu. Kanuni ya msingi inaingia vizuri: mtu aliyezaliwa Uingereza baada ya sheria kuanza kutumika ni raia ikiwa yupo mzazi wake ambaye, wakati wa kuzaliwa, ni raia au mkazi wa kudumu. Kichwa kikauma kwa mtoto mchanga aliyeokotwa. Sheria inamchukulia kuwa amezaliwa na mzazi anayestahili mpaka ithibitike vinginevyo. "Haijathibitika" si sawa na "si kweli", na mantiki ya Frege haina nafasi ya kauli inayokubaliwa leo ikaondolewa kesho. Hitaji kama hilo la sheria liliisukuma mantiki ikue.

Je, wajua kwamba kanzidata nyingi za benki, vyuo na mashirika ya simu zimesimama juu ya mantiki hii? Edgar Codd, rubani wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, alipendekeza mwaka 1970 kwamba taarifa zihifadhiwe kama majedwali, kila jedwali likiwa kiarifu na kila mstari ukiwa ujazo mmoja wa nafasi zake. Kuuliza swali ni kuandika kauli ya mantiki. Lugha ya SQL, iliyotokana na wazo hilo, ina neno EXISTS kwa ajili ya "yupo", lakini haina mwenzake wa "kwa kila". Mratibu wa masomo akitaka wanafunzi waliofaulu masomo yote, mtayarishaji programu humwandikia swali hili: mwanafunzi ambaye hakuna somo ambalo hakulifaulu. Ukanushi mara mbili, "kila" moja.

Hospitalini, kamusi ya kitabibu ya SNOMED CT ina zaidi ya dhana 300,000, nyingi zikielezwa kwa tawi la mantiki ya viarifu. Ukiieleza nimonia kuwa ugonjwa ambao upo uvimbe wake na uvimbe huo uko kwenye pafu, kompyuta yenyewe huhitimisha kwamba ni ugonjwa wa mapafu.

Je, wajua kwamba njia namba 14 ya reli ya chini ya ardhi ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998, huendesha treni zake bila dereva, na kwamba programu ya usalama wake ilithibitishwa kwa mantiki kabla ya kuwekwa? Wahandisi walitumia njia iitwayo B, ya Mfaransa Jean-Raymond Abrial. Majaribio huonyesha kwamba yapo mazingira ambamo programu haikosei. Uthibitisho husema haikosei katika kila mazingira yaliyoelezwa. Miaka minne kabla yake, Intel ilikuwa imetenga dola milioni 475 kugharimia kosa la kugawanya lililokuwamo ndani ya kichakato chake cha Pentium, kosa ambalo majaribio hayakuliona.

Kwenye uchumi, Kenneth Arrow alihudhuria akiwa mwanafunzi jijini New York darasa la mantiki la Tarski, akasaidia kusahihisha kitabu cha mwalimu wake. Mwaka 1951 alichapisha matokeo yake maarufu: panapokuwa na wagombea watatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha orodha za wapiga kura kuwa orodha moja ya jamii inayotimiza masharti machache ya haki na bado isiwe na dikteta. Zingatia "dikteta" hapa ni nani. Katika kila uchaguzi huenda yupo mtu ambaye alichokitaka ndicho kilichotokea. Huyo amebahatika tu. Dikteta ni mtu mmoja ambaye, katika kila uchaguzi, matakwa yake hushinda. Ndiyo ile ile "kila" iliyopishana na "yupo". Arrow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Na la mwisho la leo. Je, wajua kwamba katika kila baraza yupo mtu ambaye, ikiwa yeye anakunywa kahawa, basi wote barazani wanakunywa? Fumbo hili, kwa mfano wa baa, lilienezwa na Raymond Smullyan mwaka 1978. Uthibitisho wake ni mfupi. Ama wote wanakunywa, au si wote. Kama wote wanakunywa, mchague yeyote. Kama si wote, mchague mmoja asiyekunywa: "ikiwa anakunywa" ni uongo juu yake, na katika mantiki hii kauli ya "ikiwa… basi" ambayo sharti lake ni la uongo huhesabiwa kuwa ya kweli. Hakuna aliyesema kwamba mtu huyo anawasababisha wengine wanywe, wala kwamba kesho atakuwa ni yule yule. Njia pekee ya kulikwepa ni kuleta baraza lisilo na mtu hata mmoja, na hilo mantiki ya kawaida ya viarifu hailipokei: huchukulia tangu mwanzo kwamba ulimwengu unaozungumziwa una angalau kitu kimoja ndani yake.